Marie Curie na Mawe ya Kwetu

Katika machimbo ya Musonoi, pembeni mwa mji wa Kolwezi, limepatikana jiwe lenye sindano nyembamba za kijani ambalo wakusanyaji wa madini wa Ulaya na Marekani hulitafuta sana. Mtu asiyelizoea anaweza kudhani ni malakiti, kwa kuwa nalo lina shaba ndani yake. Lakini jiwe hili lina urani pia, na jina lake la kitaalamu ni kuprosklodowskiti. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ni shaba. Sehemu ya pili ni Skłodowska, jina la ukoo la mwanamke wa Poland ambaye dunia inamjua zaidi kwa jina la mumewe: Marie Curie. Jiwe lilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1933, kutoka Kalongwe, kusini-magharibi mwa Kolwezi. Kabla yake, mwaka 1924, jiwe jingine lenye jina lake, sklodowskiti, lilikuwa limeelezwa kutoka Shinkolobwe, karibu na Likasi.

Mwanamke huyu hakuwahi kukanyaga Katanga. Hata hivyo jina lake limelala katika ardhi yetu, na mwili wake ulipatwa na yale ambayo mionzi ya mawe kama hayo inaweza kumfanyia binadamu. Ndiyo maana maisha yake yanatuhusu sisi tunaosoma hapa kuliko tunavyofikiri.

Alizaliwa Warsaw tarehe 7 Novemba 1867, akaitwa Maria. Alikuwa kitinda mimba kati ya watoto watano. Baba yake alifundisha hisabati na fizikia. Mama yake alikuwa amewahi kuongoza shule ya wasichana. Wakati huo hapakuwa na nchi inayoitwa Poland kwenye ramani. Warsaw ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, na shuleni watoto walilazimishwa kusoma kwa Kirusi. Walimu Wapoland walifundisha historia na lugha yao kwa siri, na mkaguzi alipoingia darasani vitabu vya Kipolandi vilifichwa haraka. Maria, aliyekuwa hodari darasani, ndiye aliyeitwa kusimama na kumjibu mkaguzi kwa Kirusi. Mtoto huyo alijua mapema kwamba lugha inaweza kuwa mali ya magendo.

Msiba ulimfikia angali mdogo. Dada yake mkubwa alifariki kwa homa ya taifasi, na mwaka 1878 mama yake akafa kwa kifua kikuu. Maria alikuwa na miaka 10. Alipomaliza shule kwa kushika nafasi ya juu, hakuweza kuendelea, kwa sababu chuo kikuu cha Warsaw hakikupokea wanawake. Alijiunga na masomo ya siri ambayo Wapoland waliyaita Chuo Kikuu Kinachoruka, kwa sababu mikutano yake ilihamahama kutoka nyumba hadi nyumba ili polisi wasiigundue. Kisha akapatana na dada yake Bronia: Maria angefanya kazi na kumlipia Bronia masomo ya udaktari Paris, na baadaye Bronia angemsaidia naye. Kwa miaka kadhaa Maria akawa mwalimu wa nyumbani katika familia za matajiri. Akiwa shambani mbali na mji, jioni aliwafundisha watoto wa wakulima kusoma na kuandika Kipolandi. Lau angekamatwa, adhabu ingeweza kuwa kifungo au kupelekwa Siberia.

Mwaka 1891 alipanda treni kwenda Paris, akajiandikisha Sorbonne kwa jina la Marie. Aliishi katika chumba kidogo cha darini, baridi ikimwingia mifupani na chakula kikiwa haba. Mwaka 1893 alikuwa wa kwanza katika mtihani wa shahada ya fizikia. Mwaka uliofuata akawa wa pili katika hisabati. Ndipo alipokutana na Pierre Curie, mtafiti mkimya ambaye naye hakujali sana vyeo. Walifunga ndoa tarehe 26 Julai 1895, na fedha walizopewa kama zawadi zikanunua baiskeli mbili.

Mwaka 1896 Henri Becquerel aligundua kwamba chumvi za urani hutoa mionzi isiyoonekana bila kupashwa moto wala kuwekwa juani. Wengi hawakulitilia jambo hilo maanani. Marie alilichagua liwe somo la shahada yake ya udaktari. Alipima mawe mengi na kukuta kwamba madini fulani meusi ya urani yalitoa mionzi mikali kuliko urani yenyewe. Akahitimisha kwamba ndani yake mna kitu kingine kisichojulikana bado. Julai 1898, yeye na Pierre wakatangaza elementi mpya, nao wakaiita poloniamu, kwa heshima ya nchi ambayo haikuwa kwenye ramani. Desemba mwaka huohuo wakatangaza ya pili: radiamu. Neno la unururifu, yaani tabia ya atomu kutoa mionzi zenyewe, liliingia katika sayansi kupitia maandishi yao.

Kutangaza ni jambo moja, kuonyesha ni jingine. Ili kupata radiamu inayoweza kupimwa, Marie aliagiza mabaki ya madini kutoka Joachimsthal, huko Bohemia, akayachemsha katika kibanda kilichovuja mvua, akiyakoroga kwa fimbo ya chuma iliyomlingana urefu. Mwaka 1902, baada ya tani kadhaa za mabaki na karibu miaka minne ya kazi, alikuwa na sehemu moja tu ya kumi ya gramu ya kloridi ya radiamu. Usiku wanandoa hao walirudi kibandani kutazama vichupa vyao viking'aa gizani. Hawakuchukua hataza juu ya njia waliyoivumbua, wakiamini kwamba maarifa ni ya watu wote.

Mwaka 1903 alipata shahada ya udaktari, na mwaka huohuo Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Pierre na Becquerel. Jina lake karibu lingeachwa. Pierre alipodokezwa, alisisitiza kwamba kazi ilikuwa ya wote wawili. Tarehe 19 Aprili 1906, siku ya mvua, Pierre alianguka barabarani Paris na gurudumu la gari la farasi likamponda kichwa. Marie alibaki na mabinti wawili, Irène na Ève. Alipewa kiti cha mumewe, akawa mwanamke wa kwanza kufundisha kama profesa Sorbonne. Mwaka 1911 Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilikataa kumchagua kuwa mwanachama. Baadaye magazeti yakamchafua kwa sababu ya uhusiano wake na mwanafizikia Paul Langevin, mtu aliyekuwa na mke. Katikati ya kelele hizo akapewa Tuzo ya Nobel ya pili, safari hii ya Kemia. Alisafiri Stockholm kuipokea.

Vita vilipozuka mwaka 1914, Marie aliweka mitambo ya eksirei ndani ya magari, akajifunza kuendesha, akaenda karibu na uwanja wa mapigano ili madaktari waone risasi na vipande vya mabomu katika miili ya majeruhi. Irène, akiwa na miaka 17, alifanya kazi hiyo pamoja naye. Kinga waliyokuwa nayo ilikuwa ndogo sana.

Hapa ndipo njia yake inapokutana na ardhi yetu. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Rich Sharp aligundua urani Shinkolobwe. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyokuwa ikichimba shaba tangu mwongo uliotangulia, ilifungua machimbo hayo mwaka 1921. Madini yalikuwa na urani nyingi kuliko karibu mahali popote duniani. Yalisafirishwa kwa reli na meli hadi Ubelgiji, na tangu mwaka 1922 radiamu ikatengenezwa katika kiwanda cha Olen. Mwaka 1921, wanawake wa Marekani walipochanga fedha kumnunulia Marie gramu moja ya radiamu, bei yake ilikuwa dola 100,000. Baada ya Katanga kuingia sokoni bei ilishuka, na Ubelgiji ikalishika soko hilo kwa miaka mingi. Mwaka 1929, alipopokea mchango wa pili wa dola 50,000 kwa ajili ya taasisi ya matibabu ya Warsaw, radiamu ilinunuliwa Ubelgiji. Yaani dawa iliyokwenda kutibu saratani katika mji aliozaliwa ilitoka katika ukanda wetu wa shaba.

Mawe ya Shinkolobwe yalipewa majina ya heshima: kuriti kwa ajili ya Pierre, bekereliti kwa ajili ya Becquerel, sklodowskiti kwa ajili ya Marie. Watu waliochimba, kuchambua na kujaza magunia kwa mikono hawakupewa jiwe hata moja.

Sasa tuutazame mwili wake. Ncha za vidole vyake zilikuwa ngumu na zenye makovu ya kuungua. Macho yalifunikwa na mtoto wa jicho, naye akapasuliwa mara nne kati ya mwaka 1923 na 1930. Katika taasisi yake wafanyakazi walipimwa damu mara kwa mara, lakini yeye mwenyewe hakuwa mwangalifu kwa kiasi hicho. Alikiri kwamba radiamu huunguza. Ilimwia vigumu kukubali kwamba kitu alichokipenda kilikuwa kinamuua. Tarehe 4 Julai 1934, katika hospitali ya Sancellemoz kwenye milima ya Haute-Savoie, alifariki akiwa na miaka 66. Uboho wake, yaani ute ulio ndani ya mifupa, ulikuwa umeacha kutengeneza damu.

Kwa nini uboho? Na kwa nini baada ya zaidi ya miaka 30 ya kuishi na mionzi? Marie hangeweza kujua, kwa sababu umbo la DNA halikufahamika hadi mwaka 1953. Jibu tunalo sisi, na inafaa tulieleze polepole.

Kila seli yenye kiini hubeba DNA, uzi mrefu wa maagizo ya uhai. Kwa binadamu, uzi ulio katika seli moja ukinyooshwa hufikia kama mita 2, nao umefungwa katika kiini kisichoonekana kwa macho. Kwa kweli ni nyuzi mbili zilizosokotana kama kamba, na kila herufi ya uzi mmoja imeshikana na mwenzake wa upande wa pili. Kabla seli haijagawanyika, lazima uzi wote unakiliwe ili kila seli mpya ipate nakala kamili. Lakini kamba iliyosokotwa haisomeki. Ni lazima kwanza ifunguliwe.

Kazi ya kufungua hufanywa na protini ambazo kwa Kifaransa huitwa hélicase. Jina limetokana na neno la Kigiriki la msokoto. Kwa Kiswahili tunaweza kuandika helikazi, na wanafunzi wa lugha watatusamehe tukifurahi kwamba neno hilo limeishia vizuri. Helikazi ya kwanza iligunduliwa mwaka 1976 katika bakteria. Kwa binadamu, ile kuu ya kunakili ina vipande sita vilivyopangwa kama pete. Pete huuvaa uzi mmoja na kuukimbilia, ikiusukuma mwenzake nje, huku ikila nishati ya seli kila hatua. Nyuma yake hufuata vimeng'enya vinavyoandika nakala mpya. Pete hizo huwekwa kwenye maelfu ya sehemu za kuanzia kabla kazi haijaanza, na seli huhakikisha kwamba kila sehemu inatumika mara moja tu kwa kila mgawanyiko. Bila utaratibu huo, vipande vingine vingenakiliwa mara mbili na vingine visinakiliwe kabisa.

Mionzi ya radiamu au eksirei ikipita ndani ya seli, hukata nyuzi au huharibu herufi. Wakati mwingine hukata nyuzi zote mbili mahali pamoja, na huo ndio uharibifu mbaya zaidi. Mashine ya kunakili ikifika mahali palipoharibika, hukwama. Hapo helikazi za aina nyingine huitwa: zipo zinazofungua mafundo, zipo zinazosaidia kuunganisha upya uzi uliokatika kwa kutumia nakala iliyo salama, zipo zinazoondoa vizuizi ili kazi iendelee. Katika mwili mzima ukarabati huu hufanyika kila siku, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuliona jiwe la urani.

Mtu anaweza kupigwa na mionzi leo, kesho na mwaka ujao, na bado akajiona mzima, kwa sababu mafundi wake wa ndani wanaziba nyufa usiku na mchana. Lakini ukarabati una kikomo, na si kila uzi huungwa sawasawa. Seli nyingine hufa. Nyingine hubaki na makosa, na makosa hayo hupita kwa wazao wake. Deni hukua kimyakimya. Linapodhihirika, huwa limeshakomaa.

Uboho huumia mapema kwa sababu ni kiwanda kisicholala. Mtu mzima hutengeneza seli nyekundu za damu zipatazo milioni 2 kila sekunde. Seli mama zinazozaa jeshi hilo zinapaswa kunakili DNA tena na tena, na kila kunakili ni nafasi ya kukwama palipokatika. Mahali penye kazi nyingi ya kunakili ndipo mionzi inapodai haraka.

Ushahidi wa jambo hili uko katika ugonjwa mwingine. Mwaka 1927 daktari wa watoto wa Uswisi, Guido Fanconi, alieleza watoto wa familia moja ambao uboho wao ulishindwa kutengeneza damu. Hawakuwa wameshika radiamu. Leo tunajua kwamba watoto wenye ugonjwa huo huzaliwa na kasoro katika jeni za ukarabati wa DNA, na moja ya jeni hizo hutengeneza helikazi. Kwa hiyo njia ni mbili na mwisho wake unafanana. Watoto wa Fanconi walikosa mafundi. Marie alikuwa na mafundi kamili, lakini nyumba yake ilibomolewa kwa kasi waliyoshindwa kuifikia. Mwaka huohuo wa 1927, Hermann Muller alionyesha kwa kutumia nzi wa matunda kwamba eksirei hubadilisha jeni, na mabadiliko hayo hurithiwa. Marie alikuwa hai bado.

Mwaka 1995 Ufaransa ilihamishia mabaki yake Panthéon, na alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo kwa kazi yake mwenyewe. Jeneza lilipofunguliwa, wataalamu walipima mionzi wakakuta radiamu kidogo kuliko walivyotarajia. Wakaona kwamba huenda kilichomuua hasa ni eksirei za yale magari ya vita. Madaftari yake, hata hivyo, bado yananururisha, kwa sababu radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua kwa nusu. Binti yake Irène, aliyesimama naye kwenye mitambo ile, alifariki mwaka 1956 kwa saratani ya damu.

Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937, miaka mitatu baada ya kifo chake. Leo tunajulikana duniani kwa kobalti kuliko urani. Mwaka 2014 madini ya kobalti yaligunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, na watu wakaanza kuchimba ndani ya viwanja vyao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima damu na mkojo wa wakazi, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Wakazi wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko watu wa mtaa wa jirani usio na machimbo, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Katika watoto haohao zilionekana dalili za uharibifu wa DNA. Kobalti haifanyi kazi kama radiamu. Yenyewe husaidia kuzalisha kemikali kali zinazochoma herufi za uzi. Lakini uzi ni uleule, na mafundi ni walewale.

Mtoto aliyepimwa Kasulo huenda alikuwa akicheza vizuri siku hiyo. Marie naye alikuwa akifanya kazi vizuri mwaka 1910. Afya inayoonekana kwa macho si kipimo cha deni lililo ndani ya seli, na anayesubiri ugonjwa ndipo aamini amechelewa. Vumbi linapaswa kuzuiwa, na watoto kupimwa, wakiwa bado wazima.

Haya yote yameandikwa, lakini kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Mama wa Kasulo anayefagia vumbi mlangoni kwake anazungumza Kiswahili. Neno la mionzi analo. Neno la kitu kinachovunjika ndani ya mtoto wake bila kuuma hajapewa bado. Kabla ya radiamu na kabla ya tuzo, Maria Skłodowska alikaa jioni na watoto wa wakulima akiwasomesha kwa lugha yao, ingawa lilikuwa kosa. Kwetu si kosa. Ni kazi ya kitivo hiki, na vumbi haliwezi kutusubiri.